Muulize Fundi: Namba Ndogo Nyuma ya Rimu

Mwezi huu barua karibu zote ni za rimu. Nimechagua ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Walioniuliza bei nawaomba radhi. Bei muulize mwenye mali, mimi nauliza kipimo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Toyota 86 ya 2017, gia za mkono, iliyotoka Japani. Mwenye gari wa kwanza aliishusha kidogo kwa springi fupi. Bado imevaa rimu za kiwandani za inchi 17, nami nataka za inchi 18. Kirinyaga Road, Nairobi, nimepata seti mbili za mtumba, zote 18x8.5 (kipenyo inchi 18, upana inchi 8.5), zote matundu matano ya 100 (yamepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100). Moja ni ET35, nyingine ET45. Muuzaji ananiambia hizo namba hazina maana, zote zinaingia, nichague rangi tu. Rafiki yangu anasema ya ET35 itanikwaruzia fenda. Nimsikilize nani?
Mwenye 86, Syokimau

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Muuzaji hakukudanganya sana. Zote mbili zitaingia, ikiwa kuingia maana yake ni bolti tano kupita na nati tano kukaza. Lakini gurudumu likishafungwa linasimama wapi? Hilo ndilo linalosemwa na hiyo ET, ambayo sisi gereji tunaiita ofseti.

Ilaze rimu chini, halafu ipasue kwa mawazo sawa kwa sawa, kama unavyopasua skonzi uipake siagi. Hapo penye mpasuko ndipo katikati ya upana wake. Sasa tafuta ule uso bapa unaogusana na habu, yaani kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu. Umbali kutoka kwenye mpasuko hadi kwenye uso huo, kwa milimita, ndio ofseti. Uso ukiwa umesogea upande wa nje, unaotazama barabara, ofseti ni chanya na gurudumu linajificha ndani ya bodi. Uso ukisogea upande wa shoki, ofseti ni hasi na gurudumu linachomoza nje. Ukikaa kwenye mpasuko wenyewe, ni sifuri. Kwa hiyo namba ikishuka gurudumu linatoka, ikipanda linaingia. Watu wengi wanalishika hili kichwa chini miguu juu, wananunua ET kubwa wakitaka gari lisimame kwa upana, kisha wanakuja kunilalamikia mimi.

Rimu za Ulaya huandikwa ET45. Za Japani utakuta +45, au INSET 45, au 45 tupu baada ya 18x8.5JJ. Yote ni mamoja.

Haya, hesabu. Rimu yako ya kiwandani ni 17x7, ET48. Hizo unazozitaka ni pana zaidi kwa inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Upana huo unagawanyika pande mbili: 19 nje, 19 ndani. Hiyo ni kabla hatujagusa ofseti. Ukichukua ET45, ofseti imeshuka kwa 3, kwa hiyo rimu nzima inasogea nje milimita 3. Ukingo wa nje unatoka 19 na 3, jumla 22. Ukingo wa ndani unaingia 19 kutoa 3, yaani 16 kuelekea kwenye shoki. Ukichukua ET35, ofseti imeshuka kwa 13. Nje unapata 32, ndani unapata 6 tu.

Umeona mambo? Mtu akikuambia "weka ET40" bila kutaja upana, hajakuambia kitu. ET48 kwenye rimu ya inchi 7 na ET48 kwenye rimu ya inchi 9 ni magurudumu mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Mimi huwa simjibu mtu swali la ofseti mpaka anipe namba nne: upana na ET ya rimu ya zamani, upana na ET ya rimu mpya. Akishanipa, kalamu inamaliza kazi.

Sasa usichukue hesabu yangu ukakimbilia dukani, maana karatasi haijui kwamba gari lako limeshushwa. Pima gari lenyewe. Lisimamishe pahali sawa, ning'iniza uzi wenye nati nzito kwenye ukingo wa fenda, juu kabisa ya gurudumu, uache utulie. Chukua rula, pima kutoka kwenye uzi kwenda ndani mpaka ukingo wa rimu, kisha mpaka pale tairi lilipovimba zaidi. Hiyo ndiyo akiba yako ya nje. Pima magurudumu yote manne, kwa sababu gari la mtumba halikosi kugongwa mahali, na upande mmoja unaweza kuwa na akiba pungufu kuliko mwenzake.

Ndani ni kazi zaidi. Inua gari kwa jeki, liwekee stendi (usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama ni la shemeji yako). Chukua madonge madogo ya unga wa chapati uliokandwa mgumu. Bandika donge moja kwenye mwili wa shoki, jingine kwenye kile kisahani kinachokalia springi, upande unaotazama tairi. Yaache yawe manene kwa milimita 20 hivi. Funga gurudumu la kujaribia, lizungushe kwa mkono, pinda usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto. Fungua, tazama unga. Palipobanwa, pima unene uliobaki. Ukibakiwa na milimita 5 au zaidi nalala usingizi. Ukibakiwa na 2, siku ukikata kona kwa kasi tairi linapinda na kulamba shoki, na tairi lililolambwa ubavuni hupasuka bila kupiga hodi.

Yule rafiki yako wa fenda naye ana nusu ya ukweli. Kwenye 86, 18x8.5 ya ET35 kwa kawaida hukaa karibu sawasawa na fenda, haichomozi kama masikio. Ikikwaruza, itakuwa nyuma, umepakia watu wawili na mizigo, ukaruka tuta la Outering kwa haraka. Gari lililoshushwa lina safari fupi zaidi kabla ya tairi kufika kwenye fenda, kwa hiyo jaribu ukiwa na uzito, usijaribu gari likiwa tupu.

Mimi ningechukua ET45. Kwanza jiometri ya usukani inabaki karibu na walivyoiacha wahandisi, tofauti ya milimita 3 hutaisikia. Pili, gurudumu likitoka nje sana mvua ya Aprili itarusha mawe na tope milangoni, na 86 ina rangi nyembamba. Tatu ni ladha tu: gari zuri halihitaji kutanua miguu.

Kuna la tairi. Sasa una 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17), kimo chake ni milimita 625. Ukivaa 225/40R18, kimo kinafika 637, karibu asilimia 2 zaidi. Spidi ikisoma 100 wewe uko 102 hivi. Hilo si tatizo. Ukivaa 215/40R18 unapata 629, karibu kabisa na asili, lakini ukuta wa tairi unashuka kutoka milimita 97 hadi 86. Kwa mashimo yetu, milimita hizo 11 ni nyingi. Nikiulizwa kwa siri, nitakuambia ubaki inchi 17 na uongeze upana: 17x8 ya ET45 na tairi 225/45. Nje inatoka karibu 16, ndani inaingia karibu 10, na ukuta wa tairi unapanda hadi 101. Lakini najua hukuniandikia nikuambie ubaki na 17.

La mwisho kwako, na hili usilipuuze. Gari lako lina nembo ya Toyota lakini limeundwa kwenye kiwanda cha Subaru, na bolti za habu ni za Subaru: unene milimita 12, hatua 1.25, yaani nati inasogea milimita 1.25 kila mzunguko. Toyota nyingine nyingi ni 12 kwa 1.5. Muuzaji akiona nembo atakupa nati za 1.5. Zitaingia mizunguko miwili kwa mkono, kisha zitakataa, na kijana mwenye mashine ya upepo atazilazimisha mpaka ale nyuzi zote. Anzisha kila nati kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, hiyo si yako. Kaza kwa spana ya kipimo, 120 Nm, kwa mtindo wa nyota, na urudie baada ya kilomita 50 au 100. Na kwa kuwa rimu nyingi za mtumba zina tundu la katikati la 73.1 na habu yako ni 56.1, nunua ringi za kujazia hiyo nafasi. Bila ringi, gari hutetemeka ukifika 90 na watu watakuuzia balansi mpaka uchoke.

SWALI: Fundi, nina Subaru WRX ya 2004. Nimeivisha breki za mbele za Brembo zilizotoka kwenye STI, ile WRX yenye nguvu zaidi. Rimu zangu ni inchi 17, ofseti ni ileile ya zile za STI, lakini spoki zinagusa kalipa, kile kibanio cha breki. Fundi wangu wa mtaani anataka kuweka spesa (visahani vya kukaa kati ya habu na rimu) za milimita 5 amalize. Rafiki anasema spesa zinaua. Ni kweli?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Ofseti haijui kalipa iko wapi, ndugu yangu. Inakueleza uso wa rimu uko wapi ukilinganisha na katikati, basi. Spoki zinaweza kutoka kwenye uso huo zikajipinda kwenda nje na kuacha nafasi kubwa, au zikashuka zimenyooka na kukaribia kalipa. Rimu mbili za 17x8 ET53, moja inavuka Brembo, nyingine inaisugua. Kwa hiyo ukitafuta rimu kwa gari lenye breki kubwa, kata kadibodi kwa umbo la kalipa likiwa juu ya habu, nenda nalo dukani, ulisimamishe ndani ya rimu. Utaonekana kama mshonaji nguo, waache wacheke.

Kuhusu spesa, haziui zenyewe. Kinachoua ni nati iliyoshika uzi mchache. Fanya hivi: weka spesa, rudisha rimu, zungusha nati kwa mkono ukihesabu mpaka ikae. Bolti yako ina unene wa milimita 12, na kila mzunguko nati inasogea 1.25. Tunataka nati iushike uzi kwa urefu usiopungua unene wa bolti, kwa hiyo karibu mizunguko kumi. Ukipata sita, toa hiyo spesa, mshukuru fundi wako, nenda zako. Ukiitaka hasa, basi bolti za habu zing'olewe ziwekwe ndefu zaidi. Kazi hiyo inafanyika vizuri hapa mjini, wala si ya mchana mzima.

Na angalia mdomo wa habu, ile pete ya 56.1 inayochomoza katikati na kubeba rimu isitembee. Spesa ya milimita 5 iliyo bapa tupu inaweza kuumeza mdomo huo wote. Rimu ikakosa cha kukalia, ikaachiwa bolti peke yake. Spesa nzuri ina mdomo wake yenyewe. Zile za kukatwa kwenye bati na kutobolewa matundu mengi ili ziingie magari yote, mimi sizifungi hata nikibembelezwa.

Usisahau pia kwamba spesa ni ofseti kwa jina jingine. Rimu ya ET53 ikiwekewa spesa ya 5 inakuwa ET48. Hiyo ni sawa. Lakini wale wanaoweka spesa nene za 25 zenye bolti zake, wamegeuza ET53 kuwa ET28, na mara nyingi hawajui.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili na nina Golf GTI ya kizazi cha tano, ambayo naipenda kuliko ninavyokubali mbele ya watu. Nilibadilisha rimu za kiwandani, 17x7.5 ET51, nikaweka 18x8.5 ET30. Zinapendeza. Lakini tangu hapo usukani unanivuta kwenye Mombasa Road, hasa ile njia ya malori. Nikikanyaga shimo kwa gurudumu moja usukani unanipiga mkononi. Nimefanya alaimenti mara kadhaa, kila fundi ananiambia iko sawa. Je, wananidanganya?
Dada wa Mlolongo

JIBU: Hawakudanganyi, dada yangu. Alaimenti iko sawa kwa sababu mashine yao haipimi kilichoharibika.

Gurudumu la mbele linapopinda, linazunguka kwenye mstari usioonekana unaopita juu ya shoki na kushuka hadi kiungo cha chini. Urefushe mstari huo mpaka ugonge lami. Sasa tazama katikati ya tairi inapogusa lami. Nafasi kati ya sehemu hizo mbili ndiyo mkono ambao barabara inautumia kukushikia usukani. Mkono ukiwa mfupi, shimo halina nguvu juu yako. Ukirefuka, kila kijishimo kinapata pa kushika. Na mkono huo unabadilika kwa ofseti, upana hauhusiki. Wewe umetoa ET51 ukaweka ET30. Umesogeza katikati ya tairi nje kwa milimita 21.

Kwenye gari la kuvuta kwa magurudumu ya mbele, wahandisi mara nyingi hupanga ile sehemu ya mstari iangukie nje kidogo ya katikati ya tairi. Audi waliutumia mpango huo kwenye Audi 80 ya 1972, na ndugu zao wa Volkswagen wakaufuata. Sababu yake ni nzuri: ukifunga breki upande mmoja ukiwa kwenye mchanga na mwingine kwenye lami, gurudumu lenye kushika linajipinda lenyewe kidogo kurudisha gari kwenye mstari. Ukisogeza tairi nje kwa milimita 21 unaweza kuupindua mpango huo, gari likaanza kukuvuta upande uleule wa hatari. Ndiyo maana kwako sitasema "zoea tu".

Lile la njia ya malori lina sababu mbili. Malori yamekanyaga lami ikafanya mifereji, na tairi pana lenye ukuta mfupi hupanda kingo za mfereji badala ya kuzimeza. Ongeza mkono mrefu wa usukani juu yake na unapata ulichoniandikia.

Fanya hesabu yako kama ya yule kijana wa 86. Upana umeongezeka inchi moja, 12.7 kila upande. Ofseti imeshuka 21. Nje umetoka karibu 34. Ndani je? 12.7 kutoa 21 ni hasi 8, maana yake ukingo wa ndani umekimbia shoki kwa milimita 8 zaidi ya ulivyokuwa kiwandani. Una nafasi ndani isiyotumika kabisa, huku nje umejaa. Mtu aliyekuuzia alikuwa na ET30 dukani, basi ET30 ikawa ndiyo saizi ya Golf siku hiyo.

Ukiuza hizo, tafuta 18x8 au 18x8.5 ya ET45 hivi, matundu matano ya 112, tundu la katikati 57.1. Na kabla hujaziuza, fungua bolti moja utazame kichwa chake. Bolti za kiwandani za Volkswagen zina kiti (sehemu inayokalia rimu) cha mviringo kama mpira. Rimu nyingi za nje ya kiwanda zinataka kiti cha koni. Kama umefungiwa bolti za kiti cha mviringo kwenye matundu ya koni, zinagusana kwa mduara mwembamba tu na zitalegea. Hilo ni la leo, lisingoje mwisho wa mwezi.

Beringi za habu pia zisikilize. Gurudumu likisogea nje mzigo unazing'ang'ania pembeni. Mlio wa kuvuma unaoongezeka na mwendo, unaobadilika ukikata kona, huo ni beringi.

SWALI: Mwalimu, mwanangu ana Toyota Mark X. Ameweka rimu pana zilizotoka nje ya bodi, na matairi membamba yaliyovutwa yakalala kama sahani. Anasema ni mtindo. Mimi naogopa kupanda. Nimwambie nini?
Mama, Buruburu

JIBU: Mama, shikamoo. Usimwambie kuhusu mtindo, atakuona wa zamani. Muulize tairi ni saizi gani na rimu ina inchi ngapi. Tairi la 225/40R18, kwa mfano, limeruhusiwa na watengenezaji kukaa kwenye rimu ya inchi 7.5 hadi 9. Akikuambia yake ni 10, mwambie alete maandishi ya mtengenezaji yanayomruhusu. Hatayapata. Tairi lililovutwa hivyo linashikwa na rimu kwa ukingo uliopinda, na likikanyaga shimo likiwa na upepo pungufu linaweza kuvuka rimu na kumwaga upepo wote mara moja. Halafu muulize kama kampuni ya bima inajua gari limebadilishwa. Hapo kijana hukaa kimya.

Kupanda, kaa nyuma na ufunge mkanda. Ila ukikataa kupanda, niko upande wako.

SWALI: Fundi, nimeona rimu Ngara, bei nzuri, lakini maandishi ya nyuma yamesagwa na kupakwa rangi. Nitajuaje ofseti?
Mnunuzi, Pangani

JIBU: Kwanza jiulize kwa nini yamesagwa. Mara nyingine ni kutu na rangi tu. Mara nyingine ni rimu iliyopasuka ikachomelewa ndani, mahali wateja hawaangalii. Pitisha ukucha kwenye pipa la ndani (ule ukuta wa mviringo wa rimu), pole pole, mzunguko mzima. Ukikuta mshono uliovimba, rudisha. Iviringishe sakafuni, itazame kutoka mbele. Ikicheza kama mlevi, imepinda. Na utafute alama ya JWL iliyochongwa. Hiyo ni alama ya kiwango cha Japani cha uimara wa rimu za aloi, na ikifuatana na VIA maana yake imepimwa na kusajiliwa. Alama zinaweza kughushiwa, lakini isiyo na alama yoyote hainipi hata sababu ya kubishana.

Kupima ni rahisi. Beba rula ya chuma na ubao ulionyooka. Laza rimu kifudifudi, mgongo juu. Weka ubao juu ya ukingo wa nyuma kutoka upande hadi upande. Pima kutoka chini ya ubao kushuka mpaka uso unaogusa habu. Tuseme umepata milimita 154. Kisha pima upana wote wa rimu, ukingo hadi ukingo. Tuseme 229. Nusu yake ni 114.5. Toa: 154 kutoa 114.5 ni 39.5. Hiyo ni ET40.

Na upana unaoandikwa kwenye rimu hauhesabu kingo. Hupimwa pale tairi linapokalia. Kingo mbili huongeza karibu inchi moja, kwa hiyo 229 kutoa 25 ni 204, rimu ya inchi 8. Muuzaji akikuambia ni tisa, alipima kwa nje. Usimgombeze, lakini usilipie ya tisa.

MAJIBU MAFUPI

Aliyeuliza kutoka Embakasi: hapana, rimu za matundu matano ya 100 haziingii kwenye STI ya modeli ya 2005 kwenda mbele. Hapo Subaru walihamia 114.3. Ya 2004 na WRX za kizazi hicho ni 100. Namba ya modeli iko kwenye kibati cha chasi, usiamini tangazo la kuuza gari.

Wa Kikuyu mwenye rimu za 112 kwa gari la 114.3: tofauti inaonekana ndogo, milimita 2.3, na ndiyo maana inaingia kwa kulazimisha. Kila bolti itapindwa zaidi ya milimita moja na kukaa imepinda hivyo siku zote. Uza rimu.

Wa Rongai aliyetaka kujua kama anaweza kuweka ofseti tofauti mbele na nyuma: anaweza, magari mengi ya kuvuta nyuma yametoka kiwandani hivyo. Gari lako, hata hivyo, ni la kuvuta magurudumu yote manne. Ofseti ikitofautiana si neno, ila kimo cha tairi mbele na nyuma kiwe kimoja, la sivyo difu ya katikati (ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) itafanya kazi hata ukienda moja kwa moja, na difu hiyo bei yake unaijua.